Ndege za Mgomba



Mwaka 1978, ndege za Idi Amin ziliposhambulia Bukoba, sisi watoto wa Tukuyu tulianza kuunda ndege za kivita. Hatukuwa tumeiona hata moja. Tulizijua kwa redio tu. Mwili ulikuwa kipande cha mgomba, mabawa mianzi iliyopasuliwa, na mabomu kokwa za parachichi. Mwenzetu mmoja, ambaye baba yake alikuwa vitani, ndiye aliyekuwa fundi kutupita sote. Siku moja alikataa kudondosha kokwa. Akauliza: “Huko chini kuna nani?” Mchezo ukaishia hapo.

Wapendwa, mikono yenye ufundi ni kipaji cha Mungu. Juma hili, kabla hatujamrushia jirani neno, tujiulize swali la mtoto yule.