Maharamia katika Telefone ya Mtoto

Mwanzo wa jambo hili ni kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa katika seminari ndogo nilisoma Kisiwa chenye Hazina, kitabu cha Robert Louis Stevenson kilichotoka mwaka 1883. Nilikipenda sana. Basi jioni nyingi niliwahadithia watoto wa kaka yangu habari za Silver mwenye mguu mmoja, na za Kapiteni Flint aliyezika mali kisiwani.

Mwaka huu mmoja wao, mwenye miaka 14, anayejitayarisha kwa Kipaimara, alipata kwa rafiki yake sinema ya televisheni iitwayo Black Sails. Akanijia mbio: "Baba mdogo, ni Flint wako!" Nikacheka, nikamwachia. Sikuitazama kwanza.

Usiku wa tatu nilimkuta ameketi gizani, telefone imezimwa mkononi. Akaniuliza kwa sauti ndogo: "Baba mdogo, sababu gani wale waliosikia hawakumsaidia upesi?"

Sikujua anasema nani. Ikanipasa kuitazama mimi mwenyewe.

Sinema hiyo ilionyeshwa Marekani tangu mwaka 2014 hata 2017, vipande 38, nayo ilipigwa Cape Town, katika Afrika ya Kusini. Inaeleza maharamia wa Nassau mwaka 1715, miaka mingi kabla ya safari ya kitabuni. Flint na Silver ni watu wa kubuniwa. Vane na Rackham waliishi kweli. (Lakini Vane hakunyongwa Nassau kama sinema inavyoonyesha, alinyongwa Jamaika mwaka 1721.) Huko Marekani ina alama ya kuonya kwamba haifai kwa watoto wasiotimiza miaka 17. Katika telefone zetu alama hiyo haimzuii mtu.

Mna uchi mwingi, matusi, na damu. Hayo nilikuwa tayari kuyakuta. Lakini katika vipande vya kwanza msichana mmoja, Max, anatendwa kwa nguvu na kundi la wanaume. Ndilo aliloliuliza mtoto. Katika inchi yetu, wasomaji, jambo hilo si la sinema tu. Mtoto wetu anawajua walioteswa hivyo, anawasalimu njiani. Naye aliliona peke yake, usiku, bila mtu wa kumwambia neno.

Katekista mwenzangu alinishauri niichome kadi ile. Sikukubali. Kazi hii si takataka. Flint alikuwa ofisa wa jeshi la baharini la Uingereza, akaonewa, na uchungu ukamla hata akawaua rafiki zake. Mbele zaidi, watumwa waliotoroka wanaungana na maharamia kupigania uhuru. Mtu mzima atapata mengi ya kufikiri. Mtoto wa miaka 14 hapana, na peke yake hapana kabisa.

Nilimwomba msamaha mtoto, mbele ya baba yake. Kisha nikajibu ulizo lake kama nilivyoweza: waliogopa, wengine walifikiri faida yao. Akanyamaza kitambo, akasema, "Mimi ningepiga kelele."

Kadi ninayo mimi sandukuni. Tumepatana kwamba akitimiza miaka 17 tutaitazama watatu, na kuisimamisha panapotupasa kusema. Jana aliniuliza kama kitabu chenyewe bado ninacho. Nimempa.