Ulimi wa Racheti

Likizo ya Agosti mwaka jana sikuchuma majani chai kama wenzangu. Nilikwenda Litein, kwenye gereji ya mjomba wangu kando ya barabara ya Kericho kwenda Sotik. Mjomba ndiye anayenilipia karo tangu Kidato cha Kwanza, kwa hivyo aliponiita sikungoja aniite mara ya pili.

Kifaa nilichokipenda kupita vyote kilikuwa racheti ya upepo. Racheti ya mkono nyote mnaijua: ukivuta inakaza, ukirudisha inalia tik-tik-tik bila kulegeza nati, kama baiskeli usipopiga pedali mteremkoni. Ile ya upepo huunganishwa na kompresa kwa mpira, shinikizo la pauni 90 kwa inchi mraba, nawe unabonyeza tu. Bolti za sampu hutoka kabla chai haijapoa kikombeni. Nikiishika nilijiona fundi kamili, ingawa kusema kweli kazi yangu kubwa ilikuwa kuosha vyuma kwa dizeli.

Jumamosi moja jioni mjomba alikwenda mjini Kericho kutafuta vipuri, akaondoka na spana kubwa zote ndani ya pikapu. Mara likaingia lori la majani mabichi, gurudumu la nyuma chapati. Spana ya dereva ilikuwa imekwisha midomo.

"Kijana, fanya haraka! Majani yanachemka huko nyuma!"

Alisema kweli. Majani yaliyorundikwa hupata joto yenyewe, yakawa mekundu, na kiwandani hayapokelewi. Hayo yalikuwa jasho la wakulima wa vituo vitatu. Nikachukua racheti ya upepo. Ikanguruma, nati haikutikisika. Nikachomeka bomba la mita moja kwenye mkono wake, nikalining'inia.

Kach! Nati ikalegea. Dereva akanisifu mpaka nikaona haya, akanipa shilingi mia mbili, na majani yakafika salama. Lakini nilipoirudisha racheti rafuni niliizungusha polepole. Tik, tik... kimya... tik. Nilijua. Nikafyata ulimi, nikafunga gereji.

Jumatatu mjomba alikuwa chini ya matatu akirudisha bolti za sampu. Upepo ulipozifikisha mwisho, akamalizia kwa kuvuta mkono wa racheti, kama afanyavyo siku zote. Ikateleza. Ngumi yake ikagonga fremu, na alipojitokeza damu ilikuwa ikimchuruzika hadi kwenye kiwiko. Moyo ulinidunda, kijasho chembamba kikanitoka.

Hakusema neno. Alifunga kidonda kwa kitambaa, akatandaza gazeti mezani na kuifungua racheti kichwa. Ndipo kwa mara ya kwanza nikaona tumbo la kitu nilichokuwa nikijivunia. Nyuma kuna mota ndogo yenye mapezi, upepo huizungusha maelfu ya mara kwa dakika. Gia hupunguza kasi hiyo na kuongeza nguvu. Mbele ya gia kuna kijiti kilichokaa kando ya kitovu. Kikizunguka, kinaitikisa nira huku na huku. Nira ni pete yenye meno kwa ndani. Katikati ya pete kuna shina la soketi, na ndani ya shina kuna ulimi wa chuma unaosukumwa na springi. Nira ikienda mbele, meno yanashika ulimi, soketi inageuka. Ikirudi, ulimi unaruka juu ya meno. Hivyo tu, mara nyingi kila dakika! Nguvu yote hupitia ncha ya ulimi usiozidi ukucha wa kidole gumba.

Ncha hiyo ilidondoka juu ya gazeti.

"Hii haikuvunjwa na upepo," mjomba akasema.

Fizikia ya Kidato cha Pili ikanijia bila kuitwa. Nina kilo 55, yaani Nyutoni 550. Mara mita moja ya bomba, 550. Racheti kama ile, upepo wake wenyewe haufikishi hata Nyutoni-mita 100.

"Ni mimi, mjomba. Jumamosi. Niliweka bomba."

"Ulijua imevunjika?"

Ningeweza kusema sikujua. Nikasema nilijua.

Alinyamaza muda mrefu, akitazama mkono wake. "Bomba ningelisamehe siku hiyo hiyo," akasema. "Nilete huo mtungi wa mafuta."

Ulimi mpya ulikuja kwa matatu kutoka Nairobi baada ya siku nne, na shilingi mia mbili za dereva ziliingia humo. Mjomba hakunipa racheti tena likizo ile. Hata hivyo siku ya kurudi shule karo ilikuwa kamili ndani ya bahasha, na chini kabisa, pamoja na noti, kulikuwa na kile kipande kilichovunjika. Nimekiweka kwenye mkebe wangu wa jiometri.