Havana na Wapenzi wa Bale

Ukijaaliwa kufika Havana, pita mtaa wa Vedado ulitazame jumba la Auditorium. Lilifunguliwa mwaka 1928 na Pro-Arte Musical, chama cha wapenzi wa sanaa, hasa akina mama wenye nafasi, ambao ada zao ziligharimia kila msimu wa maonyesho. Mwaka 1931 chama kikaanzisha darasa la bale. Humo aliingia binti mdogo aliyekuja kuvuma kwa jina la Alicia Alonso.

Lakini wapenzi si wenye fedha peke yao. Mwaka 1956, serikali ya Batista ilipolinyima ruzuku kundi la Alicia, wanafunzi wa chuo kikuu ndio waliomwandalia onyesho, tena uwanjani mwao. Umma ukafurika. Alicia hakucheza tena Kuba mpaka Batista alipoanguka, mwaka 1959.