Kulandana si Kuwa Kitu Kimoja

Mwaka 1934 mwanahisabati wa Uingereza J. H. C. Whitehead, mzaliwa wa Madras, alidhani amelijibu swali la Henri Poincaré la mwaka 1904. Hoja yake: anga wazi la vipimo vitatu linaloweza kunywea hadi nukta moja halina budi kuwa sawa na anga letu la kawaida. Mwaka 1935 aliivunja mwenyewe hoja hiyo, hadharani.

Tuchukue bangili nene. Ndani ya unene wake mna bangili ya pili, nyembamba, iliyozunguka hata ikajinasa yenyewe. Ndani ya hiyo mna ya tatu, na kadhalika bila kikomo. Kila moja, ikiruhusiwa kujipenya, hunywea ndani ya iliyoitangulia, isiporuhusiwa, hainasuki. Kiini kilichomo ndani ya bangili zote kikibanwa kuwa nukta moja, kwa jicho la homotopia anga halikubadilika. Lakini penye nukta ile pamevurugika, wala hapatengenezeki.

Ajabu ni kwamba anga hilo bovu likiongezewa kipimo cha nne, ubovu hutoweka. Jambo hilo lilithibitishwa mwaka 1965. Kwa ubanaji wa namna hii Michael Freedman alilijibu swali la Poincaré katika vipimo vinne, mwaka 1982. La vipimo vitatu lilimngoja Grigori Perelman, miaka ya 2002 na 2003.

Whitehead alifariki mwaka 1960. Uthibitisho wake ulianguka. Bangili alizouangushia ndizo zinazofundishwa hadi leo.