Fulani wa Chicago na Mkwezi wa Kwetu

Mwaka 2022 wakili mmoja wa Dar es Salaam aliniletea kazi ya kufasiri. Mwaka uliotangulia, sheria ilikwisha kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama za Tanzania Bara, na mawakili waliosomea kila kitu kwa Kiingereza wakajikuta wanatafuta watu wa kuwaazima maneno. Mimi si mwanasheria. Shule niliiacha kidato cha pili, na Kiingereza nilijifunza mwenyewe kwa kamusi na taa ya chemni. Lakini wakili yule alikuwa amesoma tafsiri zangu za mashairi, akadhani ajuaye kuvusha ushairi hashindwi kuvusha hukumu. Nilikubali kwa sababu ya njaa, na kwa majivuno kidogo.

Hukumu zenyewe zilihusu jambo moja: mtu anayewapelekea polisi habari za uhalifu kwa siri, na haki ya Serikali ya kutomtaja mahakamani. Nilikwama kwenye neno la kwanza. Kiswahili chetu, chenye maneno ya kila namna ya upepo na kila hatua ya nazi, hakina neno jema kwa mtu huyu. Tuna mchongezi, mbeya, mdaku, mdukuzi na mfitini. Tuna jasusi, ambaye angalau ana heshima ya kulipwa. Na vijana wa mjini wana shushushu wao. Kila moja kati ya maneno haya limekwisha kumhukumu mtu kabla hajafungua kinywa. Sheria inataka neno lisilo na harufu. Sheria iliyotungwa na Bunge la Tanzania mwaka 2015 ya kuwalinda watu hawa pamoja na mashahidi huwaita watoa taarifa, nami nikalichukua neno hilo, ingawa kwa sikio la mshairi mtoa taarifa huweza pia kuwa yule anayetusomea hali ya hewa redioni.

Kazi ile niliichelewesha majuma matatu. Wakili alidhani ni istilahi zinazonitaabisha, nami sikumsahihisha.

Kanuni yenyewe ni kongwe. Katika pwani yetu ilifika na Waingereza, ndani ya Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, ambayo India yenyewe iliiweka kando mwaka 2024. Aliyeiandika ni James Fitzjames Stephen, na wapenzi wa riwaya watafurahi kujua kwamba huyo alikuwa baba mkubwa wa Virginia Woolf. Kifungu chake cha 125 chasema kwamba hakimu au askari polisi hatalazimishwa kueleza alikoipata habari ya kutendeka kwa kosa, wala ofisa wa mapato hatalazimishwa kueleza alikoipata habari ya kosa dhidi ya mapato ya Serikali. Nilikaa siku nzima juu ya sentensi hiyo. Haisemi nani, inasema wapi. Habari inazungumzwa kana kwamba ni maji yaliyotekwa kisimani, na hakuna aliyekabidhi ndoo. Nilijaribu kuandika "aliyempa habari", nikaona nimemwingiza mtu ambaye mwandishi wa sheria alimtoa kwa makusudi. Nikarudi kwenye "alikoipata".

Huko Uingereza, mwaka 1890, katika kesi ya Marks na Beyfus, mahakama ya rufaa ilisema kwamba kufichwa kwa jina hilo ni kanuni ya sheria wala si hisani ya jaji. Lakini jaji akiona kwamba bila ya jina kutajwa mtuhumiwa hawezi kuonyesha kuwa hana hatia, hapo siri huondoka. Sababu ya kanuni hii haihitaji maelezo marefu kwa watu wa visiwani: anayejua kuwa jina lake litasomwa mahakamani hatasema kitu, na asiposema, mwizi na muuza sumu watalala usingizi mnono. Nakubaliana nayo. Nasema haya mapema ili msomaji asidhani naandika kwa kuipinga.

Kesi iliyonishika ni ya Marekani, ya mtu aliyeitwa Albert Roviaro. Agosti 1954, mjini Chicago, usiku, Roviaro alipanda gari la mtu mmoja aliyekuwa akiwapa polisi habari. Katika karatasi za kesi mtu huyo aliitwa John Doe, jina ambalo Wamarekani humpa yeyote asiyetajwa, kama sisi tunavyosema Fulani bin Fulani. Gari lilikuwa Cadillac, na ndani ya buti lake alikuwa amejibanza askari polisi mwenye kifaa cha kufungulia mlango wa buti kutoka ndani. Gizani mle askari alisikia salamu, akasikia habari za deni, akasikia maelekezo ya njia. Gari liliposimama aliinua mlango kidogo, akamwona Roviaro akienda kwenye mti, akaokota kifurushi na kurudi nacho garini. Kifurushi kilikuwa na heroini.

Kesini, Fulani hakuletwa wala hakutajwa. Roviaro alishitakiwa kwa kumwuzia mtu asiye na jina, ndani ya gari ambalo walikuwamo wawili tu wenye kuonana nyuso. Na kuna jambo moja ambalo askari wa kwenye buti alilieleza mwenyewe mahakamani: usiku ule kituoni, Fulani alipokutanishwa na Roviaro, alisema hamjui wala hajapata kumwona. Labda alisema hivyo kwa kujificha. Labda sivyo. Ni yeye tu aliyeweza kuulizwa, naye hakuwepo.

Mwaka 1957 Mahakama Kuu ya Marekani iliitengua hukumu ya Roviaro, majaji sita dhidi ya mmoja. Hawakusema kwamba kila jina litajwe. Walisema hakuna kipimo kimoja. Jaji apime haja ya umma ya kupata habari, apime na haki ya mtu ya kujitetea, na palipo na mtu aliyeshiriki katika tendo lenyewe, jina likiwa la msaada kwa utetezi, sharti litolewe. Serikali ikikataa, kesi yaweza kufutwa. Miaka kumi baadaye, katika kesi nyingine kutoka Chicago, ya McCray, majaji watano dhidi ya wanne walisema kwamba pale swali linapokuwa tu kama polisi walikuwa na sababu ya kumkamata na kumpekua mtu, na si kama ana hatia, jina laweza kubaki limefichwa. Kwa hiyo kuna Fulani aliyekaa ndani ya gari, na kuna Fulani aliyenong'ona tu kisha akaenda zake. Wa pili ndiye anayelindwa zaidi.

Mimi nilikuwa yule wa pili.

Nilikuwa na miaka 17, mwaka 1986, katika kijiji kimoja cha pwani ya magharibi ya Pemba. Karafuu zote zilipaswa kuuzwa serikalini, na zilizokuwa hazipiti huko zilivuka usiku kwenda upande wa Kenya. Nahodha mmoja wa kwetu alimtukana baba yangu mbele ya watu kwa deni ambalo baba alikuwa hajaweza kulilipa. Baba alinyamaza. Mimi sikunyamaza. Nyumba ya nne kutoka kwetu alikuwa amepanga askari mmoja, mgeni wa kijiji, mtu mpole, msomaji, ambaye jioni alikaa barazani na kamusi ya Kiingereza na Kiswahili iliyotoka jalada. Nilimpigia hodi baada ya magharibi, nikamwambia ni usiku gani na chini ya mikoko ipi. Akasema, "Jina lako halitatoka kinywani mwangu." Halikutoka. Dau lilikamatwa na magunia ndani yake. Kiasi cha mwezi baadaye aliponiita na kunipa ile kamusi, hakusema ni ya nini, wala mimi sikuuliza.

Ndiyo kamusi niliyojifunzia.

Siku ya kesi nilisimama nje, dirishani. Nahodha alipopewa nafasi ya kuuliza, aliuliza moja tu: "Naomba nimjue aliyenichongea." Hakimu akasema swali hilo halitajibiwa. Kisheria alikuwa sawa, kwani karafuu zilikutwa dauni na nahodha yu kwenye usukani, na kuniita mimi kusingempunguzia kitu. Lakini nililoliona dirishani halimo katika hukumu yoyote niliyoifasiri tangu hapo. Watu mle ndani walianza kutazamana.

Kabla ya jua kuzama walikuwa wamekwisha kumpata mtu wao. Alikuwa mkwezi wa minazi ambaye wiki ile alionekana akiingia kituoni. Alikwenda kushitaki kuibiwa baiskeli, na kila mtu alijua kwamba baiskeli yake imeibwa, hilo halikumsaidia. Hakupigwa. Wenye mashamba walimwacha, mmoja baada ya mwingine, wakaita wakwezi wa vijiji vingine. Salamu yake ilijibiwa kwa midomo iliyofumbwa. Posa ya binti yake ilirudishwa bila ya maelezo. Mwaka wa pili alihamia Unguja na watu wake, na huko alikufa. Wanasheria hupima mizani yenye pande mbili, mtoa taarifa upande mmoja na mtuhumiwa upande wa pili. Yeye hakuwa na upande wa kukalia.

Miaka yote ile nilijiambia kwamba siri haikuwa yangu kuitoa, kwamba niliahidiana na askari. Kisha katika hukumu ya Roviaro nikafika kwenye aya moja ya maneno makavu, nikalazimika kuitafuta kwa Kiswahili. Inasema kwamba haki ile ambayo watu huiita haki ya mtoa taarifa, kwa kweli ni haki ya Serikali. Serikali ndiyo inayoruhusiwa kunyamaza. Askari aliniahidi kwamba yeye hatanitaja. Mimi sikumwahidi kitu, wala hakunitaka niahidi. Aya ile ndiyo iliyochukua majuma matatu.

Nilipomaliza kazi nilimpelekea wakili, akanilipa. Mwezi uleule nilipanda boti kwenda Unguja, nikaulizia hadi nikaipata nyumba ya binti wa mkwezi, ambaye sasa ni mama wa wajukuu. Alinijua kwa jina la baba yangu. Nilimkuta anachagua mchele, sinia mapajani. Nilianza kwa kumwuliza hali, na hali za watoto, kisha nikasema, "Dada, yule aliyepeleka habari za lile dau alikuwa mimi." Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kufuatia hapo. Yalinipotea yote.

Aliendelea kuchagua, akatoa chuya mbili tatu, akazitupa kando.

"Baba alijua," akasema. "Jioni ile alikuwa juu ya mnazi, nyuma ya nyumba ya yule askari. Alikuona ukiingia, akakuona ukitoka."

Sikuweza kuuliza kwa nini hakusema. Nadhani aliliona swali usoni pangu, maana alisema tena, bila ya kuniangalia, "Alisema wewe ni mtoto, nahodha atakuua." Kisha akainuka kunitilia chai, akaniuliza kama nitalala mjini au nitawahi boti.