Kwa Muda Mfupi

Mara yangu ya kwanza kuhariri Wikipedia nilifuta aya nzima kwenye ukurasa wa Wangari Maathai, na sikuona haya hata kidogo. Ilikuwa saa sita usiku, niko Roysambu, bando inakaribia kuisha, na anko wangu alikuwa ametoka kunitumia picha ya aya hiyohiyo. Chini yake ameandika: "Si hata Profesa alisema?"

Anko alikuwa fundi wa redio na TV pale Luthuli. Mtu wa kufungua kitu kwanza ndipo aamini kimekufa. Alipopimwa akapatikana na virusi, alianza ARV kama kila mtu, akanawiri, mpaka shati za zamani zikamkataa. Halafu siku moja akaacha. Alisema ugonjwa ulitengenezwa maabara na wazungu, na waliotengeneza ugonjwa ndio hao hao wanaotengeneza dawa, sasa yeye atakuwa mjinga mara ngapi?

Kusema ukweli, kutoamini kwake hakukutoka hewani. Mwaka 1990, yeye akiwa kijana, nchi hii iliambiwa kwamba KEMRI imepata dawa ya UKIMWI inaitwa Kemron. Rais Moi mwenyewe ndiye aliyeitangaza. Anko alikuwa akisimulia jinsi watu walivyosimama kando ya redio dukani wakipiga makofi. Majaribio yaliyofuata hayakuona faida yoyote. Hakuna aliyerudi redioni na shangwe ileile kuomba msamaha. Na ile hadithi ya maabara nayo ina baba yake. Mwaka 1983 gazeti moja la India, Patriot, lilichapisha barua isiyo na jina ikidai virusi ni silaha ya Marekani. Majasusi wa Sovieti ndio walioipanda, wakaifufua tena mwaka 1985, ikazunguka dunia nzima, Afrika ikiwemo. Mwaka 1992 Yevgeny Primakov, aliyekuwa mkuu wa ujasusi wa nje wa Urusi, akakubali kwamba mchezo ulikuwa wao. Ongeza Tuskegee, ambako serikali ya Marekani iliwaacha wanaume weusi na kaswende bila tiba kuanzia 1932 hadi 1972 ili ione itakuwaje, na hapo unaelewa kwa nini uongo huu ulipata mahali pa kukaa. Ni uongo, lakini ulikuta nyumba imeshafagiliwa.

Sasa, Profesa. Mwisho wa Agosti 2004 gazeti moja la Nairobi liliripoti kwamba akiwa kwenye warsha kule Nyeri alisema virusi vilitengenezwa na wanasayansi kama silaha. Wiki chache baadaye, tarehe 8 Oktoba, akatangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani. Wanahabari wa dunia walipofika kumuuliza kuhusu miti, wakamuuliza pia kuhusu hilo, na majibu yake ya siku hizo hayakuwa ya kumaliza mjadala. Alitilia shaka habari ya nyani. Kisha Desemba, mwezi wa kupokea tuzo, akatoa taarifa ya maandishi: hasemi wala haamini kwamba wazungu walitengeneza virusi hivyo ili kuwaangamiza Waafrika, na mawazo ya namna hiyo ni maovu na yanabomoa.

Hayo yote yako kwenye kumbukumbu. Shida yangu ilikuwa jinsi yalivyopangwa usiku ule. Tuhuma ilikuja kwanza, ndefu, na kichwa chake chenyewe. Taarifa ya kukanusha ilikuwa mkiani. Picha aliyonitumia anko iliishia kabla ya mkia.

Nikafuta. Dakika chache, ikarudi. Nikafuta tena. Ikarudi. Mara ya tatu nikapata ujumbe wa adabu kuniarifu kwamba huruhusiwi kurudisha toleo lako zaidi ya mara tatu ndani ya saa 24, na kwamba kuna ukurasa wa majadiliano, karibu. Maze, nilienda huko na hasira ya nchi nzima. Nikaandika kwamba huyu ni mama yetu, aliyesimamisha jengo la ghorofa 60 lisijengwe Uhuru Park, ambaye hata jeneza lake lilisukwa kwa magugu maji, mafunjo na mianzi ili mti usikatwe kwa ajili yake, na nyinyi mnamwandikia UKIMWI?

Aliyenijibu hakunitukana, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Aliniuliza maswali mawili. Je, alichoandika mwandishi wa gazeti ni uongo, na nina chanzo gani cha kuonyesha hivyo? Na kama si uongo, aya hii inastahili ukubwa gani ndani ya maisha ya miaka 71?

Swali la kwanza sikuwa na jibu. La pili lilinikalisha macho siku tatu. Mpaka wakati huo nilidhani kutoegemea upande maana yake ni kumpa kila mtu nusu ya uwanja: huyu anasema maabara, yule anasema sokwe, msomaji achague. Kumbe sheria yao inakataa hilo kabisa. Kila upande unapewa nafasi kulingana na uzito wake katika vyanzo vya kuaminika. Kwamba virusi vilitoka kwa sokwe wa kusini-mashariki mwa Kamerun mapema karne ya ishirini, vikasambaa kupitia Kinshasa, huo si upande, hayo ni matokeo ya vinasaba vilivyosomwa. Nadharia ya maabara haipewi kiti meza hiyo. Inaweza kutajwa, lakini kama kitu ambacho watu waliamini, na msomaji aambiwe palepale kwamba si kweli.

Lakini wasifu wa mtu si makala ya virusi, na hapo ndipo watu huraruana. Ukiijaza aya, umemgeuza mwanamke aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977 kuwa mtu wa tetesi. Ukiifuta, umemdanganya msomaji, na umemwachia anko picha yake ya nusu bila pa kwenda kusoma nusu ya pili. Kwa walio hai wana sheria kali zaidi, iliyoandikwa baada ya mwaka 2005, pale mwandishi wa habari Mmarekani, John Seigenthaler, alipogundua kwamba wasifu wake ulikuwa umemhusisha kwa miezi minne na mauaji ya akina Kennedy, kwa mzaha wa mtu asiyejulikana. Profesa alifariki Septemba 2011. Ulinzi ule ulishapita. Alibaki na sisi tu, watu wa usiku wenye bando.

Tuliandika sentensi nne. Ripoti ya gazeti, maswali ya wanahabari, taarifa ya Desemba, na maneno machache kwamba wanasayansi wanaukataa uvumi wenyewe. Kukanusha kukapanda juu, kichwa kikatolewa. Pengine leo wengine wameshabadilisha tena. Mimi nililala vizuri. Asubuhi nikamtumia anko aya mpya na ile taarifa kamili.

Akajibu: "Walimlazimisha. Ungetaka anyimwe Nobel?"

Nilikaa na simu mkononi ndani ya mathree mpaka nikapita stage yangu. Kuna kitu hakifunguliwi na chanzo chochote.

Anko alifariki mwaka uliofuata, mwezi wa nne.

Ukitaka kujua vita vya kuhariri ni nini, achana na Wikipedia, ingia kwenye familia inayoandika wasifu wa marehemu. Tulikuwa kumi na wawili ndani ya faili moja ya mtandaoni, na mtu wa kuchapisha programu River Road alitaka kila kitu kabla ya saa kumi. Anti mkubwa alikuwa ameanza vizuri: kuzaliwa, shule, ndoa, kazi, wokovu. Halafu: "Alilala katika Bwana baada ya kuugua kwa muda mfupi."

Miaka minane! Nikafuta "kwa muda mfupi." Yakarudi. Nikafuta nikaandika kwamba aliacha dawa kwa sababu ya uongo aliouamini. Yakafutwa yote, yakarudi yale ya kwanza. Binamu akaandika pembeni, "Wee, hii si Wikipedia." Nami nikamjibu kwa jeuri kwamba ingekuwa Wikipedia tungedai chanzo cha "muda mfupi". Nilijiona shujaa. Nilifikiria vijana watakaokaa viti vya nyuma, mmoja wao labda ameacha dawa wiki hiyo.

Simu ikalia. Mke wa anko.

"Umeandika nini huko?"

Nikaanza kueleza habari ya ukweli. Akaniacha nimalize, si unajua mtu mzima anavyokuacha umalize.

"Sawa. Na mimi nikiwa nimeketi kiti cha mbele, watakuwa wanasoma habari za nani?"

Sikuwa nimewaza. Yeye anameza dawa zake kila siku saa tatu usiku, hajawahi kuruka, na watoto wawili wako shule ya bweni ambako hakuna anayejua. Nilikuwa nimeshika sheria ya marehemu, nikasahau kwamba wasifu wa maiti umejaa watu walio hai.

"Lakini muda mfupi si kweli, anti," nilisema, sasa kwa sauti ndogo.

Akanyamaza. Nikasikia sufuria ikiwekwa chini.

"Si kweli," akasema. "Mimi ndiye nilikuwa nahesabu vidonge vinavyobaki."

Akakata simu. Saa tisa na dakika arobaini hivi niliona jina lake likiingia kwenye faili, kishale kikisogea polepole, mtu asiyezoea kompyuta. Kilifika kwenye sentensi ile kikasimama. Hakuna aliyegusa kitu, hata anti mkubwa. Halafu maneno matatu yakaanza kufutika, herufi moja moja, kuanzia nyuma. Kikabaki: "baada ya kuugua". Akaweka nukta, akatoka.

Mimi ndiye niliyepewa kusoma kanisani. Nilipofika hapo nilisimama kwenye ile nukta kidogo zaidi ya inavyohitajika, na kwenye kiti cha mbele yeye akainua macho, kisha akarudi kwenye programu yake, nami nikaendelea na majina ya watoto.