Injini ya Vizazi Viwili

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Tena, jungu kuu halikosi ukoko. Methali hizi mbili hazipatani kwa sura, lakini zote ni za kweli. Ya kwanza yaonyesha jinsi moyo wa mtu unavyokimbilia kitu kipya, na ya pili yakumbusha kuwa kitu cha kale hakiishiwi na faida. Msomaji, mimi nilizifahamu vema methali hizi mahali ambapo pengine hukutazamia. Nilizifahamu chini ya boneti ya gari, huko Katilu katika nchi ya Waturkana, ambako mafundi huchukua viungo vya injini ya umri mmoja na kuviunga na vya injini ya umri mwingine. Nataka kukuonyesha kazi hiyo, kwa kuwa ndani yake mna elimu ya vyuma na elimu ya watu pia.

Katilu iko kando ya mto Turkwel, kusini ya Lodwar. Mto huo huanzia mlima Elgon na kumwaga maji yake katika ziwa Turkana, na maji yake hulisha mashamba ya mahindi na mtama. Ukiuacha ukanda huo wa kijani, wakutana na miiba, mchanga na jua. Kutoka hapo hadi Lodwar ni zaidi ya kilometa 100, na kutoka Lodwar hadi Kakuma ni zaidi ya 100 nyingine. Njiani kuna makorongo ambayo hukaa makavu miezi mingi, kisha hufurika kwa saa chache mvua inaponyesha vilimani. Gari likifa katika nchi kama hiyo, maji ya kunywa huanza kuhesabiwa kwa kikombe, na mgonjwa aliyekuwa akipelekwa hospitali hulala kivulini akingoja rehema ya mpita njia. Maduka makubwa ya vipuri yako mbali, Kitale, au mbali zaidi, Nairobi katika barabara ya Kirinyaga. Kwa hiyo watu hutumia walicho nacho, na si ajabu kwamba injini moja yaweza kuwa na viungo vya vizazi viwili.

Chukua mfano wa Land Rover. Gari hili lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948. Mwaka 1958 lilipata injini ya petroli ya sentimeta za ujazo 2286, na mwaka 1961 likapata ya dizeli yenye ujazo ule ule. Kwa miaka mingi krenkishafti ya injini hizo, yaani mhimili unaogeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko, ilishikwa na beringi kuu 3. Mwaka 1980 waundaji waliongeza beringi zikawa 5, ili mhimili upate nguvu zaidi na usitikisike. Ujazo haukubadilika, na sura ya nje ilibadilika kidogo sana. Mtu akizitazama injini hizo mbili zimewekwa chini ya mti, atasema ni pacha. Lakini udugu wa sura si udugu wa kipimo.

Nilimwona mwenye gari mmoja akikabiliwa na jambo hili. Bloku ya injini yake ya kale ilikuwa imepasuka kwa joto. Aliuza mbuzi, akanunua bloku tupu ya kizazi cha beringi 5, akamletea fundi kijana pamoja na krenkishafti yake ya zamani, ambayo ilikuwa nzima na inang'aa. Fundi alihesabu mahali pa beringi, akatikisa kichwa. Mhimili wa beringi 3 hauna shingo za kukaa katika vikalio 5; penye kikalio, wenyewe una uzito wa chuma unaotaka nafasi ya kuzunguka.

Mwenye gari alikasirika. Akasema, "Fundi, gari hili ndilo linalobeba wagonjwa wa hapa. Leo waniambia ningoje?"

Fundi akajibu kwa adabu, "Mzee wangu, kwa sababu hiyo hiyo nakwambia ungoje."

Mbuzi wengine waliuzwa, na siku kumi zikapita kabla ya mhimili ulio sawa kufika kutoka Kitale. Flaiwili nayo ilibidi ifuate mhimili wake. Lakini hedi ya kale haikutupwa. Fundi aliilaza, akaweka rula ya chuma juu yake pande zote, akatafuta mwanga chini ya rula. Alipoona kuwa haikupinda, aliifunga juu ya bloku ile changa kwa gaskiti mpya. Gari lilipowaka, halikupakia mtu siku ile. Lilikwenda Lokichar tupu na kurudi tupu. Siku ya pili ndipo lilipochukua abiria.

Usidhani kuwa beringi ndizo hila pekee. Injini ya dizeli ya gari hilo hubana hewa mara 23, na ile ya petroli mara 7 au 8 tu. Ujazo ni mmoja, lakini kazi ni mbalimbali, na pistoni ya petroli haiwezi kubeba mzigo wa dizeli. Umeme nao una vizazi vyake. Land Rover za zamani ziliunga upande chanya wa betri na mwili wa gari. Mnamo mwaka 1967 desturi hiyo iligeuzwa, ukaungwa upande hasi. Mtu akichukua alteneta ya gari la baadaye na kuitia katika gari la kwanza bila kugeuza nyaya, ataiunguza kabla hajafunga boneti.

Toyota Land Cruiser, ambazo ni nyingi katika barabara za Lodwar na Kakuma, zina fumbo kama hilo. Injini za dizeli ziitwazo 1HZ na 1HD-T zina silinda 6 kila moja, na ujazo wa 4164 zote mbili. Lakini ya kwanza huanza kuchoma mafuta katika kijumba kidogo ndani ya hedi, na ya pili huyachoma juu ya pistoni yenyewe. Hedi ya moja na pistoni za nyingine ni kama watu wawili wasiosikilizana lugha: hukaa chumba kimoja, lakini hawawezi kufanya shauri.

Wako wanaosema kuwa kuchanganya vyuma vya kale na vipya ni aibu ya umaskini. Wako wengine wasemao kuwa chochote kinachoingia kinafaa. Wote wamekosa. Hakuna aibu katika kutumia kitu kizima, hata kikiwa kikongwe. Aibu iko katika kukilazimisha mahali pasipo pake, halafu kumpandisha mama mjamzito juu ya lazima hiyo. Tena mwungwana haifichi kazi yake: injini ikibadilishwa, nambari yake mpya hupelekwa kwa mamlaka inayoandikisha magari, ili kitabu na chuma viseme neno moja.

Nawe, msomaji kijana, u kiungo kipya katika injini ya kale. Utaingia katika nyumba, kazi na nchi zilizokuwako kabla yako. Wakati wa kiangazi huko Turkana watu huchimba visima katika mchanga wa makorongo. Wazee hujua mahali ambapo maji yamejificha, na vijana wana mikono ya kuyafikia. Mzee peke yake angejua maji na kufa kwa kiu; kijana peke yake angechimba mpaka jioni na kupata vumbi. Basi usidharau cha kale kwa kuwa kimechakaa rangi, wala usiabudu kipya kwa kuwa kinang'aa. Kipime kila kimoja kwa rula iliyonyooka, ujue kinabeba nini na kinabebwa na nini. Kipimo kikiwa cha kweli, vizazi viwili huvuta mzigo mmoja. Kikiwa cha uongo, njia ndefu haitachelewa kukifichua.